Tozo ya Barabara Inahitaji Kujua Nini Kuhusu Safari Yako?

Kwa miongo mingi barabara zimelipiwa kwa kodi iliyomo ndani ya bei ya mafuta, na kodi hiyo ilikuwa na sifa ambayo wachache waliitambua: haikumjua mtu. Dereva alijaza tangi, akalipa, akaondoka. Hakuna aliyeandika kama alikuwa anakwenda msibani, kwa wakili, au kwa mtu ambaye mwenzi wake hakutakiwa kumjua. Sasa magari ya umeme yameivuruga hesabu hiyo, kwa kuwa yanatumia lami ileile bila kununua hata lita moja. Miji yenye foleni nayo inataka anayeingia saa za msongamano alipe zaidi ya anayeingia usiku wa manane.

Ndiyo maana tozo za barabara zinajadiliwa upya katika nchi nyingi, na kila zikijadiliwa huzuka kelele za namna mbili. Mmoja anasema serikali inataka kumwandama kila mtu kila anakokwenda. Mwenzake anamjibu kwamba simu yako inakuandama tayari, acha kulalamika. Wote wawili wanaruka swali la kiufundi ambalo ndilo la kwanza: ili kukudai pesa, mfumo unahitaji kujua nini hasa? Mara nyingi unahitaji kujua kidogo sana kuliko unavyochukua. Pengo kati ya kinachohitajika na kinachochukuliwa huamuliwa na watu mezani, wala teknolojia haiwalazimishi.

Maneno kwanza

Tozo ya barabara ni malipo yoyote ya kutumia barabara, na yako ya aina tatu kuu. Ipo ya kupita mahali fulani, kama daraja, handaki au barabara kuu. Ipo tozo ya msongamano, inayolipwa kwa kuingia au kuendesha ndani ya eneo fulani la mji kwa saa fulani. Na ipo tozo ya umbali, ambayo ni kiasi fulani kwa kila kilomita. Aina hizi huchanganywa, lakini ni vizuri kuzitenganisha kichwani, kwa sababu kila moja inauliza swali tofauti: ulipita hapa? uliingia lini? umetembea umbali gani?

Ufuatiliaji ni kukusanya kumbukumbu za mienendo ya mtu kwa mfululizo, hata kama leo hakuna anayezisoma. Faragha ni uwezo wako wa kuamua nani ajue nini kukuhusu. Si siri, na si dalili ya hatia. Azimio la Kimataifa la Haki za Binadamu la mwaka 1948 linaitaja faragha katika Ibara ya 12, na Ibara ya 13 inayofuata inataja haki ya kwenda huku na huko ndani ya nchi. Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa wa mwaka 1966 unazirudia haki hizo mbili katika Ibara za 17 na 12. Tozo inayoandika safari zote inazigusa zote mbili, kwa kuwa mtu anayejua kwamba safari yake imeandikwa anaweza kuamua kutokwenda.

Umbali bila ramani

Tozo iliyo rahisi kuliko zote haimjui dereva yuko wapi. New Zealand magari ya dizeli yamelipa kwa umbali kwa miaka mingi, na tangu tarehe 1 Aprili 2024 magari madogo ya umeme yanalipa pia. Mwenye gari ananunua leseni ya vipande vya kilomita 1,000, kwa dola 76 za nchi hiyo kila kipande kwa gari la umeme, na kinacholinganishwa ni namba iliyo kwenye kipimo cha kilomita cha gari. Iceland ilianza utaratibu wa aina hiyo kwa magari ya umeme Januari 2024: mwenye gari anasajili namba ya kilomita mwenyewe, halafu inahakikiwa gari likifika kwenye ukaguzi.

Udhaifu wake ni wa wazi. Kipimo cha kilomita kinaweza kurudishwa nyuma na fundi asiye mwaminifu. Kilomita ulizoendesha nje ya nchi au ndani ya shamba lako zinahesabika pamoja na za barabarani, labda uwe na utaratibu wa kudai punguzo. Na hauwezi kutoza saa mbili asubuhi tofauti na saa sita usiku, kwa kuwa haujui saa. Kama lengo ni kupata pesa za kutengeneza barabara, udhaifu huo unavumilika. Kama lengo ni kupunguza foleni, haufai.

Mita ya umeme ya zamani inasaidia kuelewa jambo hili. Msomaji wa mita akija mara moja kwa mwezi anajua umetumia yuniti ngapi, basi. Hajui kama ulipiga pasi au ulipika. Mita hiyohiyo ikisomwa kila nusu saa inaonyesha unaamka lini, nyumba inabaki tupu lini, na wiki ipi mlisafiri wote. Umeme ni uleule, na bili inaweza kutoka sawa kwa senti. Kilichobadilika ni mara ngapi mita imesomwa, na nani anaweka yale masomo. Barabarani ni hivyo hivyo.

Kamera, kifaa cha kiooni na setilaiti

Njia ya kamera ndiyo inayoogopwa zaidi, pengine kwa sababu inaonekana. Kamera iliyo juu ya barabara humulika kwa mwanga wa infraredi, ambao jicho halioni lakini namba ya gari inauakisi vizuri hata usiku. Picha inachukuliwa, programu inatafuta mstatili wa namba, inazisoma herufi moja moja, na kila herufi inapewa alama ya uhakika. Uhakika ukiwa mdogo, picha hupelekwa kwa mtu aisome kwa macho. Namba iliyosomwa inalinganishwa na orodha ya waliolipa, na asiyekuwemo anatafutwa kwenye daftari la usajili wa magari. Mji wa London ulianza hivi tarehe 17 Februari 2003, kwa pauni 5 kwa siku. Stockholm ilijaribu kuanzia tarehe 3 Januari 2006, magari yanayovuka mpaka wa eneo la tozo yakapungua kwa takriban moja ya tano, wananchi wakapiga kura Septemba mwaka huo, na tozo ikawa ya kudumu Agosti 2007.

Hitilafu zake zinajulikana. Namba 8 husomwa kama B, sifuri kama O, na boliti iliyofungwa vibaya kwenye kibao inaweza kugeuza C kuwa G. Tope linaficha herufi. Ila tatizo kubwa kuliko hayo ni namba bandia, pale mtu anapochapisha namba yako na kuibandika kwenye gari la mfano uleule na rangi ileile. Hapo kamera haikukosea kusoma; imesoma vizuri namba ya mtu asiyekuwepo. Na elewa kwamba kulipa taslimu kwenye kibanda hakukuondoi kwenye kamera. Vituo vingi hupiga picha kila gari, aliyelipa kwa noti na aliyelipa kwa akaunti.

Njia ya pili ni kifaa kidogo kinachobandikwa ndani ya kioo cha mbele. Kinalala mpaka antena ya lango la tozo ikiamshe kwa mawimbi ya redio, kisha kinajibu kwa namba yake ya utambulisho. Ulaya mawimbi hayo huwa kwenye gigahezi 5.8, Amerika Kaskazini karibu na megahezi 915. Jambo ambalo madereva wengi hawalijui ni kwamba kifaa hakitambui kama antena iliyokiamsha ni ya tozo. Chochote kinachozungumza lugha yake kitajibiwa. New York ilikuja kujulikana kwamba visomaji viliwekwa mahali pasipo na tozo kabisa, kwa ajili ya kupima mwendo wa magari mitaani. Mamlaka zilieleza kuwa utambulisho ulikuwa unafumbwa, na huenda kazi yenyewe ilikuwa na manufaa, lakini wenye vifaa hawakuwa wameulizwa.

Njia ya tatu ni setilaiti, na hapa kuna dhana potofu iliyoota mizizi: kwamba setilaiti ya GPS inakuona. Haikuoni, na haijui kama upo. Setilaiti hizo zinatangaza saa na mahali zilipo, kama stesheni ya redio isiyojua nani anaisikiliza. Kipokeaji kilicho ndani ya gari kinasikiliza setilaiti nne au zaidi, kinapima tofauti za muda, na kinakokotoa mahali kilipo. Mpaka hapo taarifa ipo ndani ya gari tu. Ufuatiliaji unaanza pale kifaa hicho kinapopewa laini ya simu na kuagizwa kutuma. Kwa hiyo ukisikia "tozo kwa setilaiti", uliza kinachotoka ndani ya gari ni nini: mlolongo wa mahali ulipopita, au jumla ya deni?

Ujerumani inaonyesha jinsi jibu la swali hilo linavyoweza kubadilika huku kifaa kikibaki kilekile machoni. Tozo yake ya malori ya tarehe 1 Januari 2005 ilianza kwa kifaa kilichofanya hesabu ndani ya lori. Mwaka 2018, mtandao wa barabara zinazotozwa ulipopanuliwa, hesabu ilihamishiwa kwenye kituo cha data. Sababu zilikuwa za kiufundi na zinaeleweka, kwani kusasisha ramani ndani ya malori mengi ni kazi ngumu. Lakini kwa mtazamo wa faragha ni mifumo miwili tofauti.

Hong Kong na Singapore

Mtu akikuambia faragha ni anasa isiyoweza kusimamisha mradi, mkumbushe Hong Kong. Kati ya mwaka 1983 na 1985 ilijaribu tozo ya kielektroniki kwa kufunga vibao vya umeme chini ya magari na kuzika nyaya barabarani za kuvisoma. Kiufundi jaribio lilifaulu. Lakini mwenye gari alikuwa anapokea ankara inayoonyesha alikopita na lini, na watu wakaona kwamba kama ankara inajua, serikali inajua. Mradi ukaachwa, na hofu hiyo ilikuwa miongoni mwa sababu.

Singapore, iliyokuwa ikitumia vibali vya karatasi kwenye kioo tangu mwaka 1975, ilipohamia mfumo wa kielektroniki mwaka 1998 ilipanga mambo kwa njia nyingine. Pesa zilikaa ndani ya kadi. Dereva alichomeka kadi kwenye kifaa cha ndani ya gari, akapita chini ya lango, kiasi kikakatwa palepale. Kifaa kilikuwa na utambulisho wake, kwa hiyo si kwamba hakuna ambaye angeweza kujua. Tofauti ni kwamba malipo hayakusubiri ankara ya mwisho wa mwezi, na kamera ililenga gari lililopita bila malipo kukamilika. Mambo mengi ya faragha huamuliwa na swali hili kavu: unalipa kabla au baadaye? Anayekudai baadaye lazima aweke daftari.

Hata karatasi ikigeuzwa kuwa ya kidijitali daftari huzaliwa. Uswisi hutoza barabara kuu kwa kibandiko cha mwaka cha faranga 40. Kibandiko chenyewe hakijui lolote. Tangu Agosti 2023 kuna toleo la kielektroniki linalofungamana na namba ya gari, na la karatasi likabaki kwa anayelitaka. Kuacha chaguo la pili wazi ni jambo dogo ambalo watunga sheria wengi husahau.

"Majina tumeyaondoa"

Hili ndilo jibu utakalopewa mara nyingi zaidi, na ndilo dhaifu kuliko yote. Safari za mtu zina umbo. Gari linalolala mahali pamoja kila usiku na kushinda mahali pengine kila siku ya kazi limeshajitambulisha, kwa sababu watu wanaoishi pale na kufanya kazi pale ni wachache mno, pengine mmoja. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ulichunguza kumbukumbu za simu za watu milioni 1.5 na kukuta kwamba nukta nne tu za mahali na saa zinatosha kumtofautisha mtu na wengine wote katika asilimia 95 ya visa.

Mwaka 2014 New York ilitoa hadharani data ya safari zaidi ya milioni 170 za teksi za mwaka uliotangulia, namba za teksi zikiwa zimefumbwa kwa fomula ya kihesabu. Namba hizo hufuata mipangilio michache tu, kwa hiyo kompyuta ya kawaida iliweza kuzipitisha zote kwenye fomula ileile na kulinganisha matokeo. Fumbo likafumbuliwa lote. Kisha watu wakachukua picha za magazeti za watu mashuhuri wakipanda teksi, namba ikionekana, na kujua walishuka wapi na kulipa kiasi gani.

Sheria nayo imeichelewa hoja hii. Mwaka 1983, katika kesi ya Knotts, Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema anayesafiri barabarani hana matarajio ya faragha, kwani yeyote angeweza kumwona. Mwaka 2012, katika kesi ya Jones, polisi walikuwa wameweka kifaa cha GPS kwenye gari kwa siku 28, na mahakama hiyohiyo ikakataa. Mwaka 2018, katika kesi ya Carpenter, ikaamua kwamba kumbukumbu za mahali simu ilipokuwa kwa siku 7 zinahitaji kibali cha hakimu. Kuonwa na mpita njia mara moja na kuandikwa kwa mwezi mzima ni mambo mawili. Mpita njia husahau.

Nani mwingine atasoma daftari

Data iliyokusanywa kwa kazi moja huwa na wateja wengi. Wakili wa talaka, mwajiri, kampuni ya bima, mpelelezi: kila mmoja ana sababu yake, na mara nyingine sababu nzuri. Nchini Marekani kumbukumbu za tozo zimeshafika mahakamani kwenye kesi za talaka. Uingereza, Julai 2007, waziri wa mambo ya ndani aliipa polisi ya London ruhusa ya kupata data ya kamera za tozo ya msongamano papo kwa papo kwa ajili ya usalama wa taifa, miaka minne baada ya kamera kuwekwa kwa ajili ya foleni. Mwanzoni mwa mwaka huohuo watu zaidi ya milioni 1.8 walikuwa wametia saini ombi la kupinga tozo ya umbali ya nchi nzima.

Ujerumani ilichagua njia ngumu zaidi. Sheria yake ya tozo inasema data hiyo ni ya tozo tu, na kuihamisha, kuitumia au kuikamata kwa mujibu wa sheria nyingine hakuruhusiwi. Picha za magari yasiyodaiwa zinapaswa kufutwa mara moja. Katazo hilo lina gharama, kwa sababu litamzuia siku moja mpelelezi wa kosa zito kweli. Anayetaka kuliondoa aseme hivyo bungeni wazi, kuliko kuacha mwanya ndani ya kanuni.

Oregon, jimbo la Marekani lililoanza tozo ya hiari ya maili tarehe 1 Julai 2015, inaamuru data ya mahali ifutwe ndani ya siku 30 baada ya malipo na migogoro kukamilika, na inampa dereva chaguo la kifaa kisicho na GPS. Asiyetaka kifaa kijue mahali alipo anakubali kulipia maili zote, hata za nje ya jimbo.

Hapo kwenye "migogoro" ndipo kwenye ugumu wa kweli. Data ikifutwa mapema sana, dereva aliyedaiwa kimakosa hana ushahidi wa kujitetea. Ikiwekwa muda mrefu, inakuwa hazina ya wengine. Dawa ninayoiona bora ni undani wa safari ubaki ndani ya gari, mikononi mwa dereva, na ofisi ipokee jumla tu. Akipinga, yeye ndiye anayefungua.

Lakini dereva akidanganya? Watafiti wa chuo cha MIT cha Marekani mwaka 2009 na wa chuo kikuu cha Leuven, Ubelgiji, mwaka 2010 walionyesha njia za kihesabu za kumbana. Katika njia ya Leuven, gari linakokotoa deni lenyewe, kisha linatuma jumla pamoja na bahasha za kidijitali zilizofungwa, moja kwa kila kipande cha safari. Bahasha haiwezi kusomwa bila ufunguo, wala haiwezi kubadilishwa baada ya kutumwa, na zimetengenezwa hivi kwamba ofisi inaweza kuthibitisha zikijumlishwa zinalingana na deni bila kuzifungua. Kisha kamera chache zisizotabirika hupiga picha. Picha ikionyesha gari lako daraja fulani saa fulani, unatakiwa kufungua bahasha ya kipande hicho tu. Ukiwa huna, umekamatika.

Kamera hazihitaji kuwa nyingi. Chukua mfano ambapo kila safari ina nafasi moja tu kati ya 20 ya kupigwa picha. Anayeficha safari 60 ana uwezekano wa takriban asilimia 95 wa kunaswa angalau mara moja. Faini ikiwa nzito kuliko anachookoa, udanganyifu haulipi.

Dereva afanye nini

Soma masharti ya akaunti kabla ya kubandika kifaa, na utafute mambo matatu: data ya safari inawekwa siku ngapi, nani anaruhusiwa kuipata bila kibali cha mahakama, na kama kuna chaguo la malipo ya awali lisilo na jina. Taarifa ya mwezi ikija na kila lango na kila dakika, omba ya muhtasari. Hiyo karatasi au barua pepe ndiyo inayosomwa na wengine nyumbani na kazini. Kifaa usichokitumia kiweke kwenye mfuko wa kuzuia mawimbi ya redio. Gari likiuzwa, toa kifaa na uondoe namba ya gari kwenye akaunti siku hiyohiyo, la sivyo safari za mnunuzi zitaandikwa kwa jina lako.

Nchi zenye sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi kwa kawaida zinakupa haki ya kuomba nakala ya kila kinachohifadhiwa kukuhusu. Iombe kwa maandishi, taja namba ya gari na kipindi unachotaka, na usikubali jibu lenye jumla ya malipo tu.

Ukidaiwa kwa safari usiyofanya, usilipe ili yaishe. Omba picha halisi, ya mbele na ya nyuma. Linganisha rimu, stika za kioo, mkwaruzo wa bampa, umbo la herufi kwenye kibao na boliti zake, kisha piga picha gari lako kwa pembe ileile. Kama herufi imesomwa vibaya, picha yenyewe itamaliza ubishi. Kama ni namba bandia, toa taarifa polisi kwanza, chukua namba ya jalada, ndipo upeleke pingamizi ndani ya muda uliowekwa, maana ankara nyingine huwa njiani tayari.